Siku mahakama ikifungwa ghafla, nani anaihesabu?

Mhariri,

Kila mwaka Jaji Mkuu anapotoa ripoti yake kuhusu hali ya Idara ya Mahakama, kama anavyotakiwa na Sheria ya Huduma ya Mahakama ya 2011, wengi hukimbilia asilimia moja tu: kesi zilizomalizwa zikilinganishwa na zilizosajiliwa. Ikikaribia mia, twapongezana. Mimi nilikuwa karani katika mahakama za mahakimu, bara na pwani, hadi nilipostaafu, na asilimia hiyo huanzia kwenye meza kama ile niliyokalia. Nina neno juu yake, hasa juu ya siku ambazo haziingii ndani yake kabisa.

Kwa asiyejua, hesabu yenyewe huanza jioni. Vikao vikiisha, karani wa chumba hukaa na mafaili ya siku hiyo akajaza jedwali la ripoti ya kila siku: namba ya kesi, ilisajiliwa lini, leo ililetwa kwa ajili gani, iwe ni kutajwa, kusikizwa au kusomewa hukumu, imeishia wapi, kama imeahirishwa ni kwa sababu gani, na tarehe ijayo ni lini. Majedwali hayo hukusanywa na kupelekwa Nairobi. Huko ndiko hutoka takwimu za nchi nzima, na ndizo hizo hizo hutumika kupima mikataba ya utendakazi ambayo vituo vya mahakama vimekuwa vikitia saini tangu enzi za Jaji Mkuu Willy Mutunga.

Si kazi ya bure. Nilipoanza, ukimuuliza mkuu wa kituo ana kesi ngapi ambazo hazijaisha, alimtuma kijana kabatini akahesabu mafaili kwa kidole. Jedwali lilileta nidhamu. Hakimu akijua kwamba kila anapoahirisha inaandikwa na sababu yake inaandikwa, huwa mgumu kidogo kwa wakili anayesimama kuomba tarehe nyingine eti ana kesi Mahakama Kuu. Nimeona mawakili wakinuna kwa ajili ya safu hiyo moja, na nilifurahi.

Lakini jedwali lina kanuni yake. Ili kesi ipate mstari, faili lazima liitwe mbele ya hakimu. Lisipoitwa, hakuna kilichoandikwa ndani yake, na jioni karani hana cha kunakili. Sasa chukua siku ambayo mahakama haikufunguliwa. Orodha ya kesi ilichapishwa, watu waliacha kazi zao, mashahidi walipanda matatu tangu alfajiri, lakini hakuna faili hata moja lililoitwa. Kwa jedwali, siku hiyo haikuwepo. Kesi hazikusikizwa, na wala hazikuahirishwa. Zilipotea tu, zikaibuka tena miezi miwili mbele na tarehe mpya, bila alama ya kuonyesha zilikuwa wapi.

Na asilimia haisemi lolote. Mlango ukifungwa, kesi hazimaliziki, na zinazosajiliwa pia huwa chache. Juu ya mstari na chini ya mstari hupungua pamoja, jibu likabaki zuri. Kituo kinaweza kufungwa wiki mbili na bado kikaonekana kinachapa kazi. Isitoshe, katika hesabu hiyo dereva aliyekubali kosa la trafiki saa tatu asubuhi, akalipa faini na kwenda zake, ni kesi moja iliyomalizwa, sawa na kesi ya unajisi yenye mashahidi wanane. Kila mkuu wa kituo anajua kwamba mwezi ukimwendea vibaya, kesi za trafiki zitamwokoa.

Kuna wakati nilidhani kufungwa ghafla ni jambo la nadra. Ijumaa ya Machi 13, 2020 nchi ilitangaziwa mgonjwa wa kwanza wa Corona, na Jumapili yake Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki likatangaza kwamba shughuli za mahakama zingepunguzwa kwa wiki mbili kuanzia kesho yake. Jumatatu asubuhi uwanja wa mahakama yetu ulijaa kama kawaida. Tangazo la Jumapili lilikuwa limezunguka kwenye simu za mawakili, lakini mama wa kesi ya mirathi aliyetoka milimani hakuwa na habari nalo. Tulisimama langoni tukiwarudisha watu mmoja mmoja. Alipouliza, “Nirudi lini?” hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu hata sisi hatukuambiwa.

Sisemi Idara haikujifunza. Baada ya hapo zilikuja kesi za Zoom na Skype, hukumu kwa barua pepe, kisha usajili wa kesi mtandaoni ulioanza Nairobi Julai 1, 2020 na kuzinduliwa nchi nzima Machi 11, 2024. Ila mafunzo hayo yalikuwa ya namna ya kuendelea na kazi. Namna ya kuhesabu kazi iliyokwama haikuguswa.

Tangu hapo milango imefungwa mara ngapi? Kuna sikukuu za ghafla. Novemba 13, 2023 tuliambiwa tupande miti. Mei 10, 2024 tulipumzika tena kwa miti na kuomboleza waliokufa kwa mafuriko, tangazo likiwa limetoka Jumatano kwa mapumziko ya Ijumaa. Novemba 1, 2024 ikawa siku ya kuapishwa kwa Naibu Rais, ikatangazwa siku iliyotangulia. Oktoba 17, 2025 nchi ilisimama kumuaga Raila Odinga. Sina ugomvi na maombolezo wala na miti. Lakini kila moja ya siku hizo ilikuwa na orodha ya kesi iliyokwisha kuchapishwa katika kila kituo nchini, na mwananchi aliyekwisha kukopa nauli.

Kisha kuna mambo mazito zaidi. Juni 13, 2024 Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini Makadara, akafariki. Kituo hakiwezi kurudi kazini kesho yake kana kwamba hakuna kilichotokea, wala hakuna mwenye akili anayedai kirudi. Juni 25, 2025, wakati wa maandamano, Mahakama ya Kikuyu ilichomwa. Hapo ndipo usajili wa mtandaoni unapoonyesha faida yake, maana kesi iliyo kwenye kompyuta haiungui pamoja na jengo. Lakini kesi kongwe, zile za ardhi na mirathi zilizosajiliwa kabla ya mfumo huo, ni karatasi kwenye makabati ya mbao. Zikiteketea, kesi huanza kuungwa upya kwa nakala za mawakili, na asiyekuwa na wakili ana nini mkononi zaidi ya risiti?

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu. Mpwa wangu anauza mawe ya kujengea na mchanga. Alimkopesha mkandarasi mmoja mzigo wa Sh180,000, akazungushwa, mwisho akaenda Mahakama ya Madai Madogo. Nilimwambia huko ndiko. Haihitaji wakili, inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria yake inataka dai liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kusajiliwa. Alisajili mwishoni mwa Machi 2024. Tarehe ya kusikizwa aliyopewa ilikuwa Ijumaa ya Mei 10.

Alhamisi jioni nilimpigia simu kumwambia asiende. Aliniambia shahidi wake, dereva wa lori aliyepeleka mzigo, ameshafika kutoka Mombasa. Jumatatu alikwenda masjalani. Foleni ilikuwa mara mbili ya kawaida, kwa sababu watu wa Ijumaa yote walikuwa wamekuja kuomba tarehe, kila mtu kivyake. Karani alifungua shajara, akapekua, akapekua, akampa siku ya Juni. Sitataja mahakama hiyo, maana ingekuwa ni ile ile popote pale. Shajara za makarani zinafanana.

Juni ilipofika, wakili wa mkandarasi aliinuka na pingamizi: siku 60 zimepita, mahakama hii haina tena mamlaka. Wala hakuwa akibuni. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana juu ya jambo hilo. Wapo waliosema siku hizo 60 ni amri na uamuzi unaotolewa baada yake hauna nguvu, na wapo waliosema mdai haadhibiwi kwa kosa la mahakama. Mwamuzi akasema atatoa uamuzi siku nyingine. Mpwa wangu, ambaye alikuwa na mawe mengine ya kuuza, alikubali Sh110,000 pale pale barazani wakayamaliza.

Hapo watu husema, lakini si sheria inazitoa siku za sikukuu? Inazitoa kwa kiasi. Siku ya mwisho ya muda wako ikiangukia Jumapili au sikukuu, unasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Sikukuu iliyoangukia katikati ya siku 60 inahesabiwa kama siku nyingine yoyote, hata kama ndiyo iliyokuwa siku yako ya kusikizwa. Ulichopoteza siyo siku moja. Umepoteza nafasi yako kwenye shajara, na nafasi inayofuata iko mwezi ujao.

Cha ajabu ni kwamba sheria hiyo hiyo ya madai madogo inasema kesi isiahirishwe ila kwa jambo la kipekee lisilotarajiwa, na sababu hiyo iandikwe, tena isizidi mara tatu. Iandikwe. Waliotunga walijua dawa. Kwenye faili la mpwa wangu, Mei 10 haina hata nukta ya wino. Kama ingekuwapo sentensi moja tu, “kituo kilifungwa kwa sikukuu iliyotangazwa Mei 8, mdai alikuwa tayari na shahidi wake”, yule wakili angekuwa na kazi ngumu zaidi kuinuka.

Hizi zote ni siku za lango kufungwa, ambazo angalau kila mtu huziona. Zilizo nyingi zaidi ni siku za chumba kimoja. Hakimu ameugua. Hakimu ameitwa mafunzo. Hakimu amehamishwa na mrithi wake hajaripoti. Umeme umepotea na mashine ya kurekodi haifanyi kazi. Lango liko wazi, vyumba vingine vinaendelea, na nje ya chumba namba tatu watu hamsini wamekaa kwenye mabenchi wakitazama mlango. Saa nne hivi karani hutoka na orodha mkononi, akasoma majina na tarehe mpya kwa sauti, na aliyekwenda chooni hana lake. Nimeisoma orodha hiyo mwenyewe mara nyingi. Siku nyingine mafaili hupelekwa kwa hakimu wa chumba jirani atoe tarehe tu, na hapo kesi hupata mstari kwenye jedwali: imetajwa, tarehe ijayo fulani. Ukiusoma mstari huo Nairobi utadhani kuna kazi iliyofanyika.

Hakimu akihamishwa kesi ya jinai ikiwa imefika katikati, mambo huharibika zaidi. Mshtakiwa ana haki ya kutaka mashahidi waitwe upya. Nimewahi kumpigia simu mama aliyekwisha kutoa ushahidi juu ya mwanawe, kumwambia aje aueleze tena kwa hakimu mwingine. Alikata simu, na sikumlaumu.

Sasa, kinachotakiwa si kikubwa, na ninasema hivi kama mtu aliyejaza hayo majedwali. Kila kesi iliyomo kwenye orodha ya siku ipate mstari jioni, iwe imeitwa au haikuitwa. Kama haikuitwa, sababu iandikwe waziwazi: kituo kimefungwa, au chumba hakikukaa. Kwa karani ni kazi ya dakika chache, kwa sababu orodha tayari iko kwenye kompyuta. Faida yake ni kwamba mwisho wa mwaka tutajua, kwa kila kituo, ni kesi ngapi zilizopangiwa kusikizwa zikasikizwa kweli siku hiyo. Hicho ndicho kipimo anachokijali mwananchi. Kituo cha Kitaifa cha Mahakama za Majimbo cha Marekani, katika vipimo kumi kilichowaandalia mahakama za huko, kimeweka kimoja kinachohusu jambo hili hasa: kesi hupangiwa tarehe mara ngapi kabla haijasikizwa. Hata hapa jirani, ng'ambo ya Taveta, Tanzania huihesabu kesi ya Mahakama ya Mwanzo kuwa ya mlundikano ikishapita miezi sita, wakati sisi tunasubiri mwaka mzima ndipo kesi ya hakimu iitwe kongwe.

Pili, tarehe. Haki ya kupewa tarehe mpya isiwe ya kuombwa dirishani. Kila hakimu aache siku moja kwa mwezi isiyopangiwa kitu, tuseme Ijumaa ya mwisho, iwe siku ya akiba. Kituo kikifungwa ghafla, orodha ya siku iliyopotea inahamia huko yote kama ilivyo, kesi za wenye mashahidi wa mbali zikitangulia. Karatasi inayobandikwa langoni isiseme tu kwamba leo hakuna vikao. Iseme na siku ya kurudi. Kesi zilizosajiliwa mtandaoni zina namba za simu za wahusika. Benki hunitumia ujumbe nikitoa Sh200, na mahakama inaweza kunitumia mmoja wa kuniambia nisipande matatu. Isiposikizwa kitu siku hiyo ya akiba kwa sababu mwezi ulikwenda salama, hakimu ataandika hukumu zake zilizochelewa, na hilo pia ni jambo la kheri.

Najua nitakavyojibiwa. Mahakimu ni wachache na shajara zimejaa, utatoa wapi siku nzima ya kuacha wazi? Nimeisikia hoja hiyo kwenye vikao vya ofisi. Jibu langu ni kwamba shajara iliyojaa si shajara inayofanya kazi. Tulikuwa tunapanga kesi za kusikizwa nyingi kupita uwezo kwa siku moja, tukijua wazi kwamba zitakazoanza ni chache, na zinazobaki watu wake wameshapoteza siku. Ukiondoa Ijumaa moja kwenye mpango kama huo, huondoi usikizaji mwingi. Unaondoa ahadi ambazo hazingetimizwa hata hivyo.

Wengine watasema tarehe ni mamlaka ya hakimu, karani asiingilie. Kweli. Basi hakimu atoe amri moja mwanzoni mwa mwaka, kwamba kituo kikifungwa bila taarifa kesi za siku hiyo zitakuja siku ya akiba, na ibandikwe ukutani.

La walioko korokoroni lina haraka yake. Katiba, Kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama muda huo unaisha siku isiyo ya mahakama. Sikukuu ikitangazwa kwa ghafla siku ya Ijumaa, kijana aliyekamatwa Alhamisi jioni kwa fujo za mtaani analala ndani hadi Jumatatu, kihalali kabisa. Hakimu wa zamu kwa njia ya video angeweza kumsikiza Ijumaa hiyo hiyo kuhusu dhamana. Vifaa vilinunuliwa wakati wa Corona. Viko wapi?

Kila kituo kina Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, wanamokaa hakimu, polisi, magereza, mawakili na wawakilishi wa wananchi. Wajumbe wengi wa upande wetu huenda kule wakalalamika juu ya vyoo na kiti cha kukalia wanaonyonyesha, na ni sawa, vyoo ni vibaya. Kikao kijacho waulize pia hili: mwezi uliopita kesi ngapi zilikuwa kwenye orodha hazikuitwa, na kila moja ilipewa tarehe gani. Mkuu wa kituo akisema hana hesabu hiyo, aombwe aianze mwezi huu. Kuongeza sababu mbili kwenye jedwali hakuhitaji Bunge wala bajeti.

Karani mstaafu,
Taita Taveta